Prosesa Moja, Kazi Nyingi: Historia ya Mgao wa Kompyuta Kasulu na Kibondo

Mwaka 1974 yalitokea mambo mawili ambayo hayakujuana. Dar es Salaam, Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Mwezi Julai mwaka huohuo, huko Marekani, Gerald Popek na Robert Goldberg walichapisha makala iliyotaja masharti ambayo prosesa inapaswa kuyatimiza ili kompyuta moja igawanyike kuwa kompyuta kadhaa, kila moja ikifanya kazi kana kwamba iko peke yake. Tanzania ilikuwa inakataa mzigo wa mashine ghali zisizolipa. Wataalamu wale wawili walikuwa wanaeleza namna mashine ghali inavyoweza kutumikia wengi.

Mambo hayo mawili yalikuja kukutana baadaye katika wilaya za mpakani za Kasulu na Kibondo, kwenye nyanda za juu za Kigoma, ambako mashine zilikuwa chache, umeme ulikuwa wa jenereta, na idadi ya watu wa kuhudumiwa iliweza kupanda kwa makumi ya maelfu ndani ya miezi. Historia ya kompyuta huko ni historia ya mgao. Funzo lake ni kwamba nguvu ya prosesa hupotea zaidi kwa kugawiwa vibaya kuliko kwa kuwa haba.

Kompyuta ya Hazina

Kompyuta ya kwanza ya Tanzania, ICT 1500, ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Kufikia 1974 zilikuwa saba nchi nzima. Mfumo wa hesabu za Serikali uliohamishiwa kwenye kompyuta ulishindwa, na marufuku ikafuata. Masharti yalilegezwa polepole, na mlango haukufunguka sawasawa mpaka miaka ya 1990.

Mashine za kizazi kile zilifanya kazi kwa mafungu. Ikiingia kazi ya mishahara, hesabu za bohari husubiri mpaka mishahara iishe. Prosesa ilikuwa na mteja mmoja kwa wakati mmoja, na hata ilipokaa bure ikisubiri karatasi zichapwe, hakuna mwingine aliyeweza kuitumia. Huo ndio upotevu ambao watafiti wa ng'ambo walikuwa wameshaanza kupambana nao.

Kasulu na Kibondo za wakati ule zilikuwa katika Operesheni Kigoma, iliyoanza mwaka 1972 kuhamishia kaya za Waha kwenye vijiji vya ujamaa. Mipango iliamuliwa juu, utekelezaji ukafanyika chini, na mara nyingi aliyegawa mashamba hakuijua ardhi aliyokuwa anaigawa. Tabia hiyo ya kugawa bila kupima tutakutana nayo tena, safari hii ndani ya seva.

Wazo la mashine pepe

Novemba 1961, Fernando Corbató na wenzake wa chuo cha MIT walionyesha CTSS, mfumo ulioiwezesha kompyuta moja kuhudumia watu kadhaa kwa zamu. Kila mtu alipewa kipande kidogo cha muda, kisha prosesa ikahamia kwa mwingine, kwa kasi ambayo mtumiaji hakuihisi. Hapo ndipo mgao wa prosesa ulipozaliwa kama fani.

IBM ikasogea hatua moja mbele. Katika maabara yake ya Cambridge, Massachusetts, kikundi kilichoongozwa na Robert Creasy kilitengeneza CP-40, mfumo ulioanza kazi Januari 1967 kwenye mashine ya System/360 Model 40 iliyofanyiwa marekebisho. Watumiaji hawakugawiwa muda tu. Kila mmoja alipewa kompyuta kamili ya kufikirika, yenye kumbukumbu yake na vifaa vyake, na mashine hiyo moja iliweza kubeba mashine pepe 14 kwa pamoja. Agosti 1972 IBM ilitangaza VM/370, na wazo likatoka maabara likaingia sokoni.

Swali la mgao enzi hizo lilikuwa jepesi. Prosesa ilikuwa moja, kwa hiyo msimamizi aliamua mambo mawili tu: nani atangulie, na zamu iwe ndefu kiasi gani. Ugumu ulikuja prosesa zilipoanza kugawanyika zenyewe ndani.

Mpaka, kambi na dizeli

Tarehe 21 Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa, na mamia ya maelfu ya Warundi wakakimbia nchi yao. Wengi waliingia Kibondo na Kasulu. Mwaka 1996 vita vikawaka mashariki mwa Kongo, na mwezi Novemba kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa Kasulu kwa ajili ya Wakongomani. Majina ya kambi za Mtabila, Muyovosi, Kanembwa, Nduta na Mtendeli yakawa ya kawaida katika taarifa za dunia.

Kila mkimbizi alihitaji kuandikishwa, kwa sababu mgao wa chakula hufuata orodha. Familia isiyokuwemo kwenye orodha haikuwemo kwenye mgao. Ndiyo maana kompyuta ziliingia katika nyanda hizi kupitia ofisi za misaada, zikiwa na antena za setilaiti na jenereta, wakati ofisi nyingi za umma bado zilitegemea leja na mashine za kupiga chapa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, taasisi ya Global Catalyst Foundation ya Marekani iliwezesha mradi wa intaneti Kasulu uliofika Chuo cha Ualimu na kambi ya Mtabila, na baadhi ya walimu wa wilaya hiyo wakapata barua pepe.

Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, lilianza kusambaza mfumo wa uandikishaji uitwao proGres karibu mwaka 2004. Matoleo yake ya awali yalikaa kwenye seva ya ofisi ya mahali, kisha nakala za data zikapelekwa ngazi za juu. Uamuzi huo ulikuwa wa busara kwa mahali ambapo mtandao ulikuwa wa setilaiti, ghali na mwembamba. Lakini ulileta hesabu mpya. Seva moja ni ya uandikishaji, nyingine ya barua, nyingine ya kuhifadhi mafaili, na zote zinakula umeme usiku na mchana.

Seva isiyo na kazi haiachi kula. Seva za miaka ile zikikaa bila mzigo zilikula mara nyingi nusu ya umeme ambao zingekula zikiwa na kazi nyingi. Mahali penye Gridi ya Taifa, hasara hiyo huonekana kwenye ankara. Mahali pa jenereta, huonekana kwenye mapipa ya dizeli yanayopandishwa kwa lori katika barabara ambayo masika huigeuza tope. Kwa hiyo mashine pepe zilikuwa na hoja nzito zaidi Kibondo kuliko London: seva tatu zilizolala nusu siku zikigeuzwa mashine pepe tatu ndani ya seva moja, zinaokoa mafuta, nafasi, na vipuri ambavyo havipatikani karibu.

Prosesa ndogo zajifunza kugawanyika

Kulikuwa na kikwazo. Prosesa za x86, zile za kompyuta za mezani na seva za bei nafuu, hazikutimiza masharti ya Popek na Goldberg. Baadhi ya amri zake zilibadilika tabia kimyakimya zikiendeshwa ndani ya mashine pepe, bila msimamizi wa mashine kupata taarifa. Mwaka 1998 Mendel Rosenblum, Diane Greene na wenzao walianzisha VMware, na mwaka uliofuata wakatoa bidhaa iliyotafsiri amri hizo korofi papo kwa papo. Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, walitoa Xen, iliyochagua njia nyingine: kuubadilisha mfumo endeshi wenyewe ujue kwamba unaishi ndani ya mashine pepe. Kuanzia mwishoni mwa 2005 Intel, kisha AMD mwaka 2006, waliweka msaada wa mashine pepe ndani ya prosesa. Februari 2007 KVM iliingia rasmi kwenye Linux. Kwa programu huria kama Xen na KVM, ofisi isiyo na fedha za leseni iliweza kugawa seva yake bila kulipa chochote kwa programu ya kugawia.

Wakati huohuo prosesa yenyewe ilikuwa inabadilika. Mwaka 2002 Intel ilileta Hyper-Threading kwenye prosesa zake za seva, halafu kwenye Pentium 4. Kori moja ilijionyesha kwa mfumo endeshi kama prosesa mbili, kila moja ikiwa na mkondo wake wa amri, yaani thredi. Mwaka 2005 prosesa za kori mbili zikaingia kwenye kompyuta za kawaida, na baada ya hapo zikafuata za kori nne, nane na zaidi.

Hapa ndipo wengi walipoteleza, na bado wanateleza. Kori ni kiwanda kamili: ina vitengo vyake vya kukokotoa na hifadhi yake ya karibu. Thredi mbili za kori moja zinatumia kiwanda hichohicho. Ya pili hupata nafasi pale ya kwanza inapokwama ikisubiri data kutoka kwenye kumbukumbu. Intel yenyewe ilizungumzia ongezeko la hadi asilimia 30 kwa kazi zinazofaa, wala haikuahidi maradufu. Seva yenye kori 8 na thredi 16, kwa hiyo, haina nguvu ya kori 16, ingawa kioo cha msimamizi kinaandika 16. Anayepanga mashine pepe kwa kuhesabu thredi kana kwamba ni kori ameshagawa nguvu ambayo haipo.

Mgao unavyokwenda

Tuchukue seva hiyo ya kori 8, kama inavyoweza kukutwa katika ofisi ya wilaya. Juu yake inakaa haipavaiza, programu inayosimamia mashine pepe. Kila mashine pepe hupewa prosesa pepe kadhaa. Prosesa pepe si kipande cha silikoni kilichokatwa na kukabidhiwa mtu. Ni haki ya kuingia kwenye foleni. Haipavaiza huzichukua prosesa pepe zenye kazi na kuziweka kwenye thredi za kweli kwa zamu, mara nyingi kwa sekunde.

Kwa kuwa mashine nyingi hukaa bila kazi sehemu kubwa ya siku, jumla ya prosesa pepe inaweza kuzidi kori zilizopo bila mtu kuumia. Mfumo wa malipo hupata moto mwisho wa mwezi. Mfumo wa hospitali hupata moto asubuhi, wagonjwa wa nje wanapofika. Nakala za akiba hutengenezwa usiku. Kazi zisizogongana saa zinaweza kukaa nyumba moja.

Tatizo huanza pale kila idara inapodai prosesa pepe nane ili iwe salama. Matoleo ya zamani ya VMware yalitaka prosesa pepe zote za mashine moja ziende pamoja. Mashine ya prosesa pepe kadhaa ilikuwa kama familia inayokataa kuachana stendi ya Kasulu: magari yanapita yakiwa na viti viwili, vitatu, wasafiri wa peke yao wanapanda na kuondoka, familia bado imekaa. Kuanzia mwaka 2006 VMware ililegeza sharti hilo. Katika KVM kila prosesa pepe ni thredi ya kawaida ya Linux na inaweza kwenda peke yake, lakini adha haikwisha. Prosesa pepe moja inaweza kusimamishwa ikiwa imeshika kufuli ambalo wenzake wanalihitaji, na wenzake wakabaki wanazunguka bure, wakiunguza muda wa kori bila kuzalisha kitu. Ndiyo maana mashine iliyopunguzwa kutoka prosesa pepe nane hadi mbili huweza kuongeza kasi, jambo linalowashangaza wakuu wa idara waliozoea kwamba anayeomba zaidi hupata zaidi.

Dalili ya mgao mbaya inapimika. Ndani ya VMware kuna kipimo cha muda ambao prosesa pepe ilikuwa tayari kufanya kazi lakini ikakosa kori. Ndani ya Linux kuna kipimo cha muda ulioporwa na majirani. Vipimo hivyo vikipanda huku mashine yenyewe ikionekana haina kazi nyingi, ugonjwa uko kwenye mgao, na kununua seva mpya hakutautibu.

Kuna mipaka miwili mingine. Seva yenye soketi mbili, yaani prosesa mbili, huwa na kumbukumbu upande huu na upande ule, na kila prosesa huifikia ya upande wake kwa haraka zaidi. Mashine pepe kubwa kuliko soketi moja hulazimika kuvuka kila mara na kulipa kwa ucheleweshaji. Pia haipavaiza yenyewe inahitaji kuishi: lazima ibakiziwe nguvu ya kuendesha diski na mtandao, la sivyo mashine zote zinakwama pamoja.

Mkongo, na mamlaka ya kugawa

Mwaka 2009 ujenzi wa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ulianza, na awamu zake zikafika mkoa wa Kigoma. Nyaya za baharini nazo zilikuwa zimegusa Dar es Salaam, SEACOM ikitangulia mwaka huohuo. Serikali ikajenga Kituo cha Taifa cha Kuhifadhi Data, Kijitonyama, na ikaunda Wakala ya Serikali Mtandao, ambayo kwa Sheria ya mwaka 2019 ikawa Mamlaka. Mifumo ya fedha kama FFARS na MUSE ikaelekezwa kwenye seva za pamoja. Mhasibu wa Kibondo hakuhitaji tena seva ya jirani. Alihitaji mtandao.

Faida ni dhahiri. Kituo kikubwa huchanganya mizigo ya halmashauri nyingi, na kadiri mizigo inavyokuwa mingi na ya aina tofauti, ndivyo mgao unavyokuwa na nafasi ya kupumua. Lakini pamoja na seva, mamlaka ya kugawa nayo ilihama. Anayeamua mfumo fulani upewe kori ngapi yuko mbali na foleni ya wagonjwa. Na mkongo ukikatika, mashine pepe iliyogawiwa vizuri Dar es Salaam haimsaidii muuguzi wa mpakani. Kwa sababu hiyo mfumo wa hospitali, GoT-HoMIS, uliwekwa kwanza kwenye seva za vituo vyenyewe, na kwa sababu hiyo kila mpango wa kuhamishia kila kitu makao makuu unastahili kuulizwa: kitabaki nini kinachofanya kazi mtandao ukipotea?

Aprili 2015 Burundi iliingia tena kwenye machafuko, na Warundi wakavuka mpaka. Nyarugusu ikapita watu 150,000, ikawa miongoni mwa kambi kubwa kabisa duniani. Nduta ilifunguliwa upya mwaka huo, na Mtendeli ikafuata Januari 2016. Hapo ndipo ubora wa mashine pepe ulipoonekana kwa hali halisi ya nyanda hizi: mzigo wa uandikishaji hauji polepole. Unakuja kwa mabasi, na seva ya kimwili huchukua majuma kufika kutoka Dar es Salaam. Mashine pepe huongezewa kori kwa dakika chache, ikiwa tu msimamizi hakuwa ameshazimaliza kwa kuwagawia wasiozitumia.

Vodafone Foundation na UNHCR, kupitia mpango wao wa Instant Network Schools ulioanza mwaka 2013, walifikisha madarasa ya tableti Nyarugusu, yakiwa na maudhui yanayohifadhiwa hapohapo ili mwanafunzi asome hata setilaiti ikikatika. Funzo ni lilelile la seva ya mahali.

Thredi na siri

Tarehe 14 Agosti 2018 dunia iliambiwa kwamba thredi mbili za kori moja zinaweza kuchunguliana. Udhaifu uliopewa jina la Foreshadow ulionyesha kwamba, katika prosesa nyingi za Intel, mashine pepe yenye nia mbaya ingeweza kusoma data iliyoachwa kwenye hifadhi ya karibu ya kori na mashine pepe nyingine. Miezi miwili kabla, mfumo endeshi wa OpenBSD ulikuwa umeshazima Hyper-Threading kwa tahadhari. Microsoft na VMware wakatoa njia ya kupanga zamu ili thredi za kori moja zisikaliwe na wageni wasioaminiana, na mwaka 2021 Linux toleo la 5.14 ikapata uwezo huohuo.

Kwa wilaya za mpakani jambo hili si la maabara. Data ya mkimbizi ina jina lake, alama zake za vidole, na mara nyingine sababu iliyomfanya akimbie. Data ya hospitali ina vipimo ambavyo mgonjwa hajamwambia hata ndugu yake. Kugawa kori kukawa sehemu ya ulinzi wa watu. Mashine zenye siri nzito hazipaswi kuchangia kori na mashine ya majaribio au ya mgeni asiyejulikana, hata kama hesabu ya nguvu inaruhusu.

Baada ya jenereta

Oktoba 2022 Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa ziarani mkoani Kigoma, alizindua kuunganishwa kwa Kasulu na Gridi ya Taifa, na jenereta za dizeli zikazimwa. Umeme ulipokuwa wa dizeli, ubadhirifu ulionekana kwenye mafuta kila wiki. Sasa umejificha, na kinachofichika huzoeleka. Leseni nazo zimechukua nafasi ya dizeli: tangu toleo la 2016, Windows Server hulipiwa kwa kori, kwa kiwango cha chini cha kori 16 kwa kila seva. Kori iliyolala inaendelea kudai.

Kwa hiyo neno langu ni kwa Maafisa TEHAMA wa Kasulu, Kibondo na wilaya jirani za Kakonko na Buhigwe, na kwa wakurugenzi wanaosaini manunuzi yao. Hesabuni kori, msihesabu thredi. Ipeni mashine mpya prosesa pepe moja au mbili, pimeni kwa mwezi mzima pamoja na siku za kufunga hesabu, kisha ongezeni kwa ushahidi. Bakizeni akiba kwa ajili ya siku ambayo mpaka utafurika. Tenganisheni mashine zenye siri za watu. Na idara ikiomba kori nane, iombeni vipimo kabla ya kutoa ahadi, maana kila kori inayokaa bure kwa mmoja imenyimwa mwingine aliye kwenye foleni.